Dereva wa teksi aliyeacha gari lake akapanda Hiace ya Muleba

Saa nne asubuhi ndege ya kutoka Mwanza inateremka kutokea upande wa ziwa, na nje ya Uwanja wa Ndege wa Bukoba madereva wa teksi wanajiweka sawa. Mmoja anachomekea shati. Mwingine anatema punje za kahawa alizokuwa akizitafuna tangu alipofika kijiweni. Edvina Kokuhirwa hajisumbui. Amesimama kando ya gari lake jeupe, mikono nyuma, macho kwenye mlango wanakotokea abiria.

Wa kwanza kumfikia ni kijana mwenye begi moja la mgongoni.

"Teksi ipo, mama?"

"Ipo. Unakwenda wapi?"

"Hapo mtaa wa Bakoba tu."

"Mzigo wako ndio huo? Basi panda bodaboda, mwanangu. Mimi nitakumalizia hela yako bure."

Kijana anacheka na kwenda kwenye bodaboda. Nyuma yake anakuja mama mmoja aliyevaa vizuri, anakwenda Muleba na hana haraka. Edvina anampa hesabu bila kuzunguka: Hiace stendi ni shilingi elfu tano, teksi ya kukodi haipungui elfu themanini. Mama anachagua Hiace.

"Huyu atatuua njaa," anasema Hafidhi, dereva mwenzake, kwa sauti ya makusudi ili asikike. Edvina anamjibu kwamba njaa yake aliianza mwenyewe kwa kuoa wake wawili. Kijiwe kizima kinaangua kicheko.

Mwandishi wa makala haya alifika uwanjani hapo na swali dogo tu: nani hupanda teksi, na nani hupanda Hiace? Alidhani jibu lingekuwa mfuko wa mtu. Edvina alipoulizwa, alitikisa kichwa.

"Mfuko upo, siukatai," alisema. "Lakini safari zangu nyingi za Muleba hazilipwi na anayepanda. Zinalipwa na ndugu zake, na mwenyewe hajui kwa nini."

Hapo ndipo maongezi yalipoanza hasa.

Edvina, mwenye umri wa miaka 52, ni mkazi wa Hamugembe. Zamani alikuwa fundi cherehani. Gari lilikuwa la mumewe, Kahangwa, aliyeliendesha mpaka macho yakamgomea. Familia ilikaa ikajadili kama liuzwe. Edvina akasema hapana, akaenda kujifunza udereva, akarudi na leseni.

"Mimi nilichukua usukani, yeye akachukua jembe," anasema. "Siku hizi migomba yetu inapendeza kuliko wakati wote. Ningejua, ningemnyang'anya gari mapema."

Kipato ni cha kubahatisha. Ipo siku anarudi nyumbani na elfu thelathini, na ipo siku anarudi na vumbi. Kinachomshikilia kijiweni ni simu za watu wa vijijini, ambao wengi hajawahi kuwaona.

Simu hizo zinafanana. Mtu amefariki huko Muleba, na mtoto wa marehemu yuko Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma. Familia haimwambii. Inamwambia mzazi wako anaumwa kidogo, njoo. Kwao habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Inasemwa nyumbani, na mkubwa wa ukoo, mtu akiwa amezungukwa na watu wa kumshika asianguke.

Tatizo ni njia. Kati ya uwanja wa ndege na nyumbani kuna zaidi ya saa moja ya barabara, na Hiace ya Muleba hujaa watu wanaofahamiana. Neno moja la pole kutoka kwa jirani, na kazi yote ya wazee imeharibika. Ndiyo sababu familia hujichangisha ikakodi teksi. Wanachonunua ni saa moja na zaidi ya ukimya.

"Wanapenda kunipigia mimi kwa sababu wanaume hawa wanapiga domo mno," anasema Edvina huku akimtazama Hafidhi. "Mimi sidanganyi mtu, lakini pia sisemi. Nafungua redio. Namuuliza habari za Dar, foleni zikoje, mvua zimenyesha. Akiniuliza habari za mgonjwa namwambia mimi ni dereva tu."

Kwa miaka mingi mpango huo haukumwangusha. Kisha akaja Gozbert.

Ilikuwa siku moja ya msimu wa mvua uliopita. Shangazi yake Gozbert, Bi Annastella, alimpigia Edvina usiku wa kuamkia siku hiyo. Kaka yake, Mzee Rutaihwa, alikuwa amefariki. Gozbert, mwanawe wa kwanza, fundi umeme jijini Dar es Salaam, angeshuka asubuhi akijua kwamba baba yake amelazwa. Tiketi ya ndege walimnunulia wao. "Mfikishe kwetu salama, waitu, nakusihi," Bi Annastella alisema. "Asisikie njiani."

Edvina alimtambua mara alipotoka, kwa sababu aliambiwa ni mrefu na anachechemea kidogo. Alimsogelea, akamweleza kwamba ametumwa na shangazi yake ampeleke nyumbani.

"Kwa teksi?" Gozbert alishangaa. "Mpaka Muleba? Mama, hiyo si hela ya dawa?"

"Imeshalipwa."

"Basi mrudishie shangazi, amnunulie baba dawa. Mimi nitapanda Hiace kama siku zote. Nisamehe kwa usumbufu, mama."

Alisema hivyo kwa adabu zote, akapanda bodaboda akaondoka.

"Nilibaki nimesimama kama mtu aliyeibiwa," Edvina anakumbuka. "Ningefanyaje? Nikimng'ang'ania, ndiyo nimemwambia. Nikimwacha, atasikia stendi."

Alimpigia Bi Annastella. Upande wa pili alisikia kilio, kisha maneno yaliyomkata maini: Hiace za asubuhi hiyo zilikuwa zinaleta nusu ya waombolezaji.

Edvina aliwasha gari. Alipofika stendi, Gozbert alikuwa ameshaweka begi lake ndani ya Hiace na ametoka kununua machungwa na maziwa ya mgonjwa. Ndani walikuwamo kina mama wawili wamejifunga khanga viunoni, wameshika mkeka mpya. Edvina hakuwa na haja ya kuwauliza wanakwenda wapi.

Alimvuta pembeni konda, kijana aitwaye Lameki, akamweleza. Lameki hakupoteza muda. Aliingiza kichwa mlangoni akawatangazia abiria wake.

"Jamani, huyo kaka aliyeweka begi hapa ni mtoto wa Mzee Rutaihwa. Hajui. Wazee wanamsubiri nyumbani wamwambie wenyewe. Atakayefungua mdomo namshusha Kyetema, na nauli sirudishi."

Hakuna aliyebisha. Kina mama wale walifungua khanga zao wakazikunja, mkeka wakausukuma chini ya kiti. Mzee mmoja alivua kofia, akaivaa tena. Edvina alimwachia ufunguo wa gari mama mmoja anayeuza chapati hapo stendi, akampigia Hafidhi aje alichukue, kisha akapanda na kukaa jirani na begi la Gozbert.

"Mama! Na wewe umeacha teksi?" Gozbert aliuliza aliporudi.

"Na mimi nina safari ya Muleba," Edvina akajibu, na huo haukuwa uongo.

Safari iliyofuata Edvina anaisimulia kwa mshangao mpaka leo. Gari zima lilikuwa na maongezi. Wanaume walibishana bei ya kahawa. Mwalimu mmoja alieleza ugonjwa wa migomba kuanzia mizizi mpaka majani. Mmoja wa wale kina mama wa mkeka alianza kusimulia harusi, akaeleza sare za kamati, akaeleza keki, akamtaja mpaka mpiga picha aliyechelewa. Kila ilipotokea dakika ya kimya, mtu aliirukia.

"Mzee mmoja alimgeukia Gozbert akataka kusema kitu," anasema Edvina. "Mkewe akamfinya paja. Nilimwona. Mzee akaishia kusema kwamba mwaka huu senene watakuwa wengi."

Gozbert alikaa na mfuko wake wa machungwa mapajani, akiitikia kwa kichwa. Walipita Kemondo. Walipita Muhutwe. Edvina alikuwa akimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kila kituo. Hakuwahi kuona abiria wa Hiace wakipendana namna ile, na kwa ajili ya mtu ambaye hawamdai kitu. Anasema machozi yalimlengalenga ikabidi atazame dirishani.

Nyumbani kwa Mzee Rutaihwa ni nje kidogo ya mji wa Muleba. Kwenye njia ya kuingia kibanjani, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, alikuwa amesimama Rugambwa, mdogo wa marehemu, akimngojea. Nyuma ya migomba watu walikuwa wengi, lakini walikuwa wameambiwa wanyamaze. Rugambwa alimshika Gozbert mkono kwa mikono yake miwili. Kabla hajasema, Gozbert alimtangulia.

"Najua, baba mdogo. Najua tangu Kemondo."

Rugambwa alimtupia Edvina jicho kali. Edvina aliapa kwa jina la Mungu kwamba hakuna aliyesema.

"Hawakusema," Gozbert alimtetea. "Hakuna aliyesema neno. Ila hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Kwa asiyejua, pengine hilo ni jambo dogo. Katika gari la Muleba huwezi kukaa ukafika mbali bila jirani yako kukugeukia na kuuliza, *mwana w'oha?* Wewe ni mtoto wa nani? Ukishajibu, atakutajia babu yako, atakutajia shamba lenu, na huenda mkagundua kwamba ninyi ni ndugu. Siku ile abiria wote walilikwepa swali hilo kwa sababu jibu lake lilikuwa jina la marehemu. Katika kumlinda, walisahau kwamba naye ni wa hukohuko.

Gozbert aliweka machungwa chini. Ndipo akalia, na kibanja chote kikaitikia.

Mwandishi alimpata kwa simu jijini Dar es Salaam na kumuuliza kwa nini, baada ya kujua, hakusema lolote mpaka mwisho wa safari.

"Niliwaona wanavyohangaika," alisema. "Yule mama wa harusi, maskini, alikuwa ameishiwa maneno anarudia kusimulia keki. Nikaona nikilia nitawavunja moyo. Nikawaacha wanifiche." Kisha akaongeza: "Lakini nikwambie ukweli, njia ile ilikuwa ndefu. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu anishike bega, na wote walikuwa wanajua, na hakuna aliyeweza."

Maneno hayo alikwisha kumwambia Edvina mwenyewe, siku ya matanga. Edvina anasema aliporudi Hamugembe alishindwa kula.

"Nilijiona nimefanya wema," anasema. "Nimeacha gari, nimeacha zamu yangu, nimekusanya gari zima la watu. Kumbe tumemfanya abebe msiba wa baba yake peke yake, katikati ya watu kumi na saba."

Tangu siku hiyo amebadili kazi yake. Bado anapokea simu za familia, lakini sasa ana masharti. Wakati wa mazungumzo haya simu yake iliita. Mwanamume aliyekuwa upande wa pili alisema kuna binti yao atashuka kesho kutoka Dodoma, mama yake anaumwa kidogo.

"Pole sana, baba," Edvina alisema. "Mama amefariki lini?"

Mwanamume akakiri: jana jioni.

"Basi mwambieni. Mtafuteni mtu wake wa karibu huko Dodoma akae naye, halafu mwambieni. Akija anajua nitambeba, alie njia nzima, nitasimamisha gari anapotaka. Asipojua, akiniuliza sitamficha. Amueni wenyewe." Mwanamume alisema watashauriana.

Si wote wanaokubali. Wapo wazee wanaomwambia anavunja desturi, na safari kadhaa zimekwenda kwa Hafidhi kwa sababu hiyo. Edvina hawalaumu. Anasema desturi hiyo ilitungwa na watu waliopenda watoto wao, wakati barua ilichukua wiki mbili kufika na mtu aliweza kusafiri na matumaini yake mpaka mlangoni. Hajui kama yuko sahihi. Anajua tu kwamba hataki tena kukaa jirani na mtu mwenye machungwa mapajani.

Mpango wake ni kuuza gari hili dogo na kununua Noah, ili abebe abiria sita au saba wa Muleba kwa nauli iliyo katikati ya teksi na Hiace. Anataka watu wapande pamoja, wazungumze wanachotaka, na anayetaka kulia alie. Kahangwa amekubali kuuza mikungu ya ndizi kuongezea, kwa sharti kwamba asiambiwe arudi kwenye usukani.

Jambo la pili tayari ameshalipanga. Ana binti mmoja, Esther, anayesomea uuguzi Mwanza. Mwezi uliopita Edvina aliwaita dada zake wote watatu nyumbani, akawakalisha, akawapikia, kisha akawaambia neno lake. Mmoja alikasirika, akasema anajitabiria kifo. Edvina alilisema hivyohivyo mpaka mwisho.

"Niliwaambia, siku yangu ikifika mpigieni Esther mumwambie mama amefariki, kwa maneno hayohayo. Halafu msimkodie teksi. Mwacheni apande gari la watu, akae katikati yao, wamuulize ni mtoto wa nani, awaambie."