Magurudumu ya Ndala Zangu

Mtoto wa diwani aliweka roboti ya binti yangu juu ya meza, katika ukumbi mmoja pale Shinyanga mjini, akashika kipaza sauti, akasema kwa Kiingereza kwamba ameitengeneza yeye. Mimi Kiingereza sijui. Binti yangu, tuliyekaa naye kule nyuma, ndiye aliyenitafsiria neno kwa neno, kwa sauti ndogo kama anayesoma tangazo la msiba. Watu walipopiga makofi, naye akapiga. Hapo ndipo paliponiuma.

Na wala sikuhitaji mkalimani kujua roboti ile ni ya nani. Magurudumu yake niliyakata mimi, kwa kisu, kwenye ndala zangu za bluu.

Ngoja nirudi nyuma. Nimechimba dhahabu upande wa Masumbwe tangu ujana, na darasa langu la nne. Siku moja tulishuka kwenye duara, shimo letu, hewa ikawa chafu kule chini. Wenzangu wawili walifia humo. Mimi nilivutwa kwa kamba sijitambui, nikalazwa hospitali ya Kolandoto, na kifua hakijakaa sawa mpaka leo. Niliporudi kambini nilikuta kiroba changu cha mawe ya dhahabu kimewekwa pembeni, kimefungwa, hakuna aliyekigusa. Ndivyo tulivyo wachimbaji: aliyeshuka shimoni anapata mawe yake, hata kama yuko kitandani. Tunaitwa wahuni, sawa, lakini hilo hatulichezei.

Binti yangu amekua akisikia kikohozi changu. Shuleni kwao kulipoanza kikundi cha roboti, alitengeneza kigari kinachotembea mpaka mdomoni mwa shimo, kinashusha kidude cha kunusa hewa, na hewa ikiwa mbaya kinapiga kelele. Kilimgomea sana. Alilia, akakifungua, akakifunga upya. Mtoto ambaye wageni wakija alikuwa anajificha jikoni, akaanza kubishana na mimi.

"Baba, usiseme haiwezekani. Sema bado."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba mashindano haya ya roboti ni mchezo wa watoto. Nimeyaona yakimnyanyua wangu.

Mashindano yalipokaribia, mwalimu wa fizikia, msimamizi wa kikundi, akamtoa kwenye timu. Nikaenda shuleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Mikono yake mizuri, ila Kiingereza kinamkwama. Majaji wanataka mtu wa kujieleza. Mtoto wa diwani ataongea tu, jina la binti yako litatajwa."

"Litatajwa kweli?"

"Mzee, hapa siyo machimboni. Tuamini."

Mkuu wa shule alikuwa amekaa palepale, akaitikia kwa kichwa. Nikawaambia wabeja, asanteni, nikaondoka nimeridhika. Nilidhani na shule ina kiroba chake cha pembeni.

Shule ilichukua kombe, jina halikutajwa. Diwani alipanda jukwaani kupigwa picha, roboti ameikumbatia, kidole gumba juu ya ndala yangu. Nikamkamata mwalimu mlangoni.

"Mzee wangu, ushindi ni wa shule nzima."

"Na ndala nazo ni za shule?"

Akacheka, akapanda gari.

Sasa kigari kimefungiwa kwenye kabati la vioo ofisini kwa mkuu. Hakuna shimo kitakalonusa humo. Na binti yangu hagusi tena waya. Nikimuuliza anasema, "Hayo yana wenyewe, baba."

Mwalimu, wewe ndiye uliyeahidi. Mkuu, ulisikia kwa masikio yako. Diwani, unamjua mwanao, unajua kama amewahi kushika koleo kukata waya. Kombe kaeni nalo. Ninachotaka ni paredi ya Jumatatu asubuhi, mbele ya wanafunzi wote, mmoja wenu afungue kabati hilo, aseme kwa Kiswahili nani alitengeneza kitu hiki. Nitakuja na binti yangu, tutasimama pale kwenye bendera. Nani kati yenu atajibu?