Siku Biti bya Papa Henri Bilitoka Inje

Sitaficha: roho inaniuma juu ya Merveille. Miaka kumi na munane niko napiga foto hapa Baraka. Ndoa, batizo, foto za karte ya kitambulisho, bote banasema: muende kwa Papa Bonaventure. Na nyumba mupya ikiisha, fundi Albert alikuwa ananiita nipige foto za ndani, aonyeshe batu benye banataka kujenga. Mi napangaka familia yote katikati ya saloni, nguo za siku ya Mungu, maua ya plastiki pa meza, kitambaa cheupe pa kila kiti. Nani alishalalamika?

Kisha Merveille, kijana wa hapa kwetu, akarudi toka Uvira na kamera yake ya miguu tatu. Yeye hapigi foto za batu! «Papa Bonaventure,» anasema na heshima yote, «mutu akisimama mbele, kazi ya fundi haionekane.» Anafungua dirisha, anangoja jua ifike pa ukuta. Saa mbili kwa foto moja! Albert akaiangalia: karo za sakafu zinangaa, plafo ya dari imenyooka. Akasema: «Hii njo kazi yangu.» Mi hakuniambiaka vile hata siku moja.

Sasa Papa Henri, mwenye kununuaka zahabu kule Misisi ku machimbo, akamaliza nyumba kubwa kupita zote. Albert akasema wazi: Merveille atapiga leo, mi kesho, na mwenye kupiga muzuri atabaki na foto za nyumba zake zote.

Nilienda kuchungulia. Niongope juu ya nini? Nikasimama ngambo ya barabara, nikaona Merveille na bibi ya Henri, bwana yake akiwa bado Misisi, banatoa biti. Kanape, meza, byote inje, ili karo zionekane. Na hapa kwetu kila mutu anajua: biti bikitoka saloni, kuko kilio: mutu amekufa.

Mama Kezimana akapita na beseni ya mihogo. «Papa Bona, kwa Henri kuko nini?»

Ningeweza kumuambia ni foto tu. Nikatikisa kichwa tu. «Mama, we angalia mwenyewe.»

Aka! Beseni ikaanguka. «Yoo! Misisi imemukula Henri wetu!» Mbele ya nusu saa, bamama bamefika na bitenge kiunoni, korali ya kanisa nyuma yao, Albert naye analia. Mi nilifurahi. Nikaingia nione aibu ya Merveille.

Bibi ya Henri alikuwa na simu pa sikio. Henri mwenyewe iko anapiga kelele mule, asema iko muzima. Kilio ikakatika. Batu bakabaki bamesimama ndani ya saloni mutupu, macho chini, kisha juu. «Hizi karo nani aliweka?» «Na hii plafo?» Albert akafuta machozi, akajibu. Merveille akabaonyesha foto ku kamera. Mi sijatoka pale, nyumba saba zilishamuita.

Mwenye kuchimba shimo njo anaangukiaka mule. Batu bote bale, mi njo nilimuletea.

Nikarudi kwangu. Bibi yangu Pulchérie, mwenye alienda kulia kule, alikuwa amenitangulia. Nikakuta biti byetu byote inje.

«Nani amekufa?» nikauliza.

«Hakuna mutu.» Alikuwa anafagia saloni, ile Albert alitutilia simenti mwaka jana. «Merveille iko njiani. We unatupigaka foto sisi tu. Nyumba yangu sijaionaka.»