Mtungi wa Maji ya Macho

Nilikosa. Naliandika neno hilo mwanzo kabisa kwa sababu najijua. Nikianza kueleza nitajitetea, na nikijitetea nitashinda, kama nilivyoshinda mbele ya kamati ya shule. Msichana wa watu alipoteza jicho kwa sababu yangu. Mwalimu asiye na hatia akahamishwa kwa aibu. Mimi nikabaki na kazi yangu na baiskeli safi!

Jina langu silitaji, na majina ya hao wengine nimeyabadilisha. Watu wa Isiolo wa rika langu watanitambua tu. Wacha wanitambue, nimechoka kujificha.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari pale mjini. Kuosha bika, kupanga chupa za kemikali, kuwasha vichomeo vya gesi, kufunga makabati, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Babu yangu aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza, baba akazaliwa hapo, nami nikazaliwa hapo. Funguo zote za maabara zilining'inia kiunoni. Wanafunzi wakizisikia zinalia kwenye ukumbi, walinyamaza. Nilisikia raha sana.

Kisha akaja Mwalimu Wambui kufundisha kemia. Mwanamke kijana, wa kutoka Kenya chini, kama tulivyozoea kusema sisi watu wa kaskazini. Siku ya kwanza alipitisha kidole juu ya rafu yangu, akakitazama, akakifuta kwa leso. Nilimchukia hapo hapo, na nisikudanganye wewe unayesoma, hata leo simpendi.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mifereji ya shule ilikauka, maji yakawa yanaletwa kwa lori mara mbili kwa wiki. Pale mtaa wa Kiwanjani nilikokaa, akina mama walipigana kwenye foleni. Sasa katikati ya shida hiyo, Mwalimu Wambui akachukua mtungi wa plastiki wa lita ishirini, akaujaza, akauweka karibu na mlango wa maabara. Akaandika juu yake kwa rangi nyekundu: MAJI YA MACHO.

"Bwana Fundi, hii maji haiguswi," aliniambia. "Si ya chai, si ya kuosha vyombo. Kemikali ikiingia mtoto kwa macho, mfereji hatuna. Tuko na huu mtungi tu."

"Mwalimu, watu hawana maji ya kupika ugali, na wewe unaweka maji ya kuangaliwa?"

"Ndiyo. Yaangaliwe hivyo hivyo."

Nilikwenda kumsema kwa hedimasta, tukacheka wote wawili. Lakini yule mwanamke hakujali. Kila asubuhi kabla ya kengele aliuinua ule mtungi kwa mkono wake, asikie uzito, kisha ndipo afungue vitabu.

Siku yenyewe Fomu Tatu walikuwa na somo la kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mbuzi na kostiki soda, kemikali kali inayochoma. Asubuhi nilikuwa naipima ile kostiki kwa bomba la kioo, naivuta kwa mdomo kama nilivyofanya siku zote. Wanafunzi wakaingia kuweka vitabu vyao, na Mwalimu Wambui nyuma yao.

"Toa hiyo kitu kwa mdomo!" alipiga kelele. "Miaka nane uko hapa, bado unanyonya sumu kama mtoto na chupa ya maziwa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Wa mbele kabisa alikuwa Halima, msichana wa Merti, wa kwanza darasani, ambaye kila mtu alijua anataka kuwa nesi arudi kwao. Alijifunika mdomo kwa mtandio lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Mimi! Mtu mzima, na funguo zangu kiunoni!

Mwalimu alikuwa na haki, bila shaka. Hilo ndilo lililoniuma.

Saa nne wote walipokwenda kunywa chai, niliubeba ule mtungi hadi nyuma ya maabara. Jumamosi nilikuwa na harusi Kinna, basi nikaosha baiskeli, spoku moja moja. Nikafua dastikoti yangu, lile koti la maabara. Maji yalibaki mengi bado, karibu nusu. Niliyamwaga chini. Sikuwa na kazi nayo, niliyamwaga tu, nikayatazama yakinywewa na mchanga, na nikafurahi!

Nikaurudisha mtungi mahali pake, nikakaza kifuniko. Nilimwona akilini kesho asubuhi anauinua, mkono unapaa juu bure, anabweka, nami nacheka. Somo la sabuni nililijua. Vifaa vyake nilivipanga mwenyewe. Nikajiambia, miaka minane hakuna aliyeumia humu, ataumia leo?

Saa tano hivi niliisikia sauti ya Halima. Sufuria ilikuwa imechemka ghafla na kuruka, kostiki ya moto ikampata jicho la kushoto na shavu.

"Mtungi! Lete mtungi!" Mwalimu Wambui alinipigia kelele.

Nikaukimbilia. Unasikia? Nilikimbia! Nilijua ni mtupu na bado niliukimbilia, nikauinua mbele ya watoto arobaini, nikasimama nao mkononi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mwalimu Wambui alinitazama mara moja. Kisha akambeba Halima mgongoni, msichana mrefu kumshinda, akatoka mbio kuelekea lango, nami nikawafuata.

Pale langoni palikuwa na mama wa Kiborana aliyeuza maziwa kila siku, tukimwita Mama Tume. Aliinuka na vibuyu vyake viwili.

"Lala, intala, lala chini msichana wangu," alisema. "Fungua macho. Usifunge! Mwalimu, shika yeye kichwa."

Akamimina kibuyu chote cha kwanza polepole juu ya jicho lile, kisha cha pili. Maziwa ya siku nzima, ya kulisha watoto wake, yalitiririka kwenye vumbi la lango. Mimi nilisimama na dastikoti yangu inayonukia sabuni. Pikapu ya Merti iliyokuwa inapita ikawachukua hadi hospitali.

Daktari alisema shavu litapona. Jicho halikupona. Dakika zile za mwanzo, alisema, ndizo zilizokuwa za muhimu.

Je, hapo nilisema ukweli? Wapi! Mchana ule, wote wakiwa hospitali, nilijifungia maabarani. Niliulaza mtungi nyuma ya kabati, nikapasha msumari kwa kichomeo cha gesi hadi ukawa mwekundu, nikatoboa. Kamati ilipokutana nilisema mtungi ulikuwa mbovu, ulivuja wenyewe, na Mwalimu ndiye aliyeuchagua. Wazee wakauona mtungi. Wakaona shimo. Hedimasta akatikisa kichwa kwa huzuni, yule yule aliyecheka nami. Barua ya kumhamisha Mwalimu Wambui ikaandikwa wiki hiyo, na baba yake Halima alimtemea mate miguuni pale nje ya ofisi.

Siku yake ya mwisho maji ya mfereji yalikuwa yamerudi. Alinikuta peke yangu maabarani. Aliuchukua mtungi, akausimamisha juu ya meza, akaanza kuujaza kwa bika, moja baada ya nyingine. Hakuharakisha. Maji yakapanda. Robo, nusu, yakapita nusu. Hakuna tone lililotoka! Yalipofika juu kabisa, karibu na mshikio, ndipo yakaanza kudondoka kidogo kidogo. Shimo langu lilikuwa juu! Nilitoboa mtungi ukiwa umelala, na kwa hofu yangu sikuusimamisha hata mara moja kuangalia. Wala kamati haikuusimamisha.

"Tufanye kama ripoti ya jaribio," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ingekuwa afadhali angenipiga. "Vifaa, mtungi mmoja. Hatua, nimetia maji. Umeona nini?"

"Imemwagika kidogo."

"Na ile ingine?"

"Imebaki."

"Imebaki. Nimemwonyesha hedimasta asubuhi. Ameniambia barua imeshatoka, nisilete maneno." Akachukua mkoba wake. "Hitimisho utaandika mwenyewe, Bwana Fundi. Na ukimaliza usiniletee mimi. Pelekea Halima."

Hakunipa mkono. Sikumwona tena.

Halima hakurudi shule. Miaka kadhaa baadaye, karibu mwisho wa muongo ule, nilipanda lori kwenda Merti kwa shughuli zangu, nikaingia dukani kununua sukari. Nikasema salaam aleikum, na aliyeitikia alikuwa yeye, jicho moja limefunikwa na mtandio. Alifurahi kuniona! Alinipa kiti na chai. Aliniambia mimi tu ndiye niliyejaribu kumletea maji siku ile, eti aliniona nakimbia.

Kisha akasema, "Mungu amlaani yule mwalimu."

Na mimi nikasema, "Amin."

Nilisema Amin! Chai yake iko mkononi mwangu. Usiku na mchana nimelisikia neno hilo kutoka kinywani mwangu, na hakuna sala niliyosali tangu siku ile ambayo halikuingia katikati. Mtungi nilihama nao nilipostaafu. Mke wangu ameuliza mara ngapi kwa nini sizibi kile kishimo wala siutupi.

Nyinyi mnaoshika funguo za maabara leo, nisikilizeni. Maji ya dharura si yenu, wala ndoo ya mchanga ya kuzimia moto si ya kuzimia sigara. Mwalimu mkorofi mchukieni, hilo si juu yangu kuwakataza, maana mimi mwenyewe sijaacha. Lakini msimwadhibu kwa kitu kinacholinda watoto. Na mkishakosa, semeni siku hiyo hiyo, kabla hamjapasha msumari.

Halima, kama yuko mtu wa kukusomea haya, hitimisho limechelewa lakini ndilo hili. Mtungi haukuvuja. Mwalimu wako aliujaza, akauinua asubuhi ile kwa mkono wake, ukiwa mzito. Maji yako nilioshea baiskeli.