Ndege ya Bunduki Mbili

Ninyi vijana mtakaosoma hii, tulieni kwanza. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini hili sikulisoma. Nililiona.

Mjukuu wangu Furaha alikuja kutoka Louisville kunitembelea hapa Columbus, akaleta na kazi ya shule: ndege za Waitalia za vita vya zamani. Akanisomea. Bunduki mbili juu ya injini, risasi zinapita katikati ya pangaboi linalozunguka. Mabawa membamba, hayana nafasi ya bunduki zingine.

"Koko," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "zilikuwa weak."

"Weak kwa nani?"

"Kwa ndege zingine."

"Bon. Sisi hatukuwa ndege."

Asubuhi ile ya vita, kule kwetu milimani, tulikamua kama siku zote. Mume wangu Simeoni alitangulia na ng'ombe. Walifuatana mmoja mmoja juu ya mgongo wa mlima, maana njia ni nyembamba. Mimi nilikuwa nyuma na watoto wetu, Debora na Yakobo. Debora akamtania baba yake kwamba anawaimbia ng'ombe vizuri kuliko anavyoimba kanisani.

"Hawa wananisikiliza," akamjibu.

Ndege ikatokea. Watu walisema hiyo nayo ilitengenezwa Italia. Ndogo, bunduki mbili chini ya mabawa, zimekazwa, zinatazama mbele tu. Haiwezi kupiga pembeni. Lazima ijinyooshe yote kuelekea inapopiga. Na njia yetu ilikuwa imenyooka.

"Baba Debora, toka njiani."

"Ng'ombe watatawanyika," akasema.

Ikapiga.

Ng'ombe wa mbele alikatika miguu. Wengine walipasuka matumbo, wakakanyagana ndani ya damu yao. Simeoni akaanguka kati yao.

Ndege ikapita. Bonde lilikuwa dogo kwake, donc ilibidi iende mbali ndiyo igeuke. Nikajua muda tulio nao: kama ule ndama anaochukua kunyonya kidogo hadi mama yake ateremshe maziwa. Si zaidi.

Simeoni akainua mkono.

Yakobo akakimbia kwa baba yake. Nikamkamata shati.

Leo Yakobo yuko Buffalo, Debora yuko Louisville, wote wana watoto. Wakinipigia simu tunaongea kazi na baridi, ule mkono hakuna anayeutaja. Huenda ningemfikia. Huenda tungekufa wote wanne. Nimepima miaka yote hii, sijapata jibu. Furaha alijua babu yake alikufa vitani. Hakujua nani alimwacha pale.

Siku ile, mlio wa ndege ukaanza kurudi. Nikawaambia watoto wangu:

"Muacheni baba yenu. Shukeni bondeni."