Jani Nililoiba kwa Bwana Ramani

Mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. Kusoma nimejifunza mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, ila kunyamaza sikukuta gazeti la kunifundisha. Na mdomo huohuo ndio nusura umkatie bibi yangu mti wake.

Mti wenyewe ni muyombo, uko kule upande wa Ipole, kwenye kijiji cha ujamaa walikohamishiwa watu. Wengi waliacha maboma yao wakilia. Bibi hakulia, maana kijiji kipya kiliangukia palepale penye muyombo wake. Hapo ndipo anapomwaga maji yenye unga wa mtama, akaongea na mama yake, na babu yangu, na wengine ambao mimi siwajui ila wao eti wananijua. Anawasalimia mmojammoja, halafu ananisemea kwao. "Huyu bado hajaoa. Na bado anatukana watu."

Mwaka juzi, Jumapili moja, nikatoka Isevya, mjini Tabora, ninakotengeneza baiskeli, nikapanda lori la tumbaku kwenda kumwona. Nakuta muyombo umepakwa alama ya chokaa.

"Wanajenga bani la kukaushia tumbaku," bibi akasema. "Jumamosi wanakata."

Alisema vile mtu anavyotaja siku ya maziko.

Kesho yake kulikuwa na mkutano. Aliyepima kijiji alikuwa kijana wa Kichaga, ana kofia ya jua na kamba ndefu ya kupimia, na watu walimwita Bwana Ramani. Mwenyekiti akamwomba kwa upole kama bani linaweza kusogea kidogo. Bwana Ramani akakuna kidevu, akasema, "Ngoja niangalie, labda."

Labda! Mtu mwenye akili angeishika hiyo labda kwa mikono miwili. Mimi nikasimama.

"Angalia nini? Wewe ni mchwa tu aliyevaa viatu! Tena mchwa ana nafuu, yeye hali mti kwa kamba!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Ramani hakucheka. Akakunja karatasi yake. "Bani halisogei hata unyayo," akasema, akaondoka.

Bibi hakunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza. Aliingia ndani akatoka na mzinga wa babu, ule wa magome, umejaa vumbi. "Panda ukautundike," akasema. "Hapa kwetu mti wenye mzinga wa nyuki haukatwi. Hakuna mwanamume wa hapa atakayeugusa."

"Basi tumeshinda!"

"Mzinga mtupu ni gogo tu, mume wangu. Lazima nyuki waingie. Na nyuki hawaingii kwenye mzinga wa mtu mwenye ugomvi. Nenda kapatane na yule kijana."

"Nipatane na mchwa?"

"Umeona? Hata sasa hivi nyuki wamekusikia, wamegeuza njia."

Nikatundika. Jumanne nzima nikakaa nautazama mzinga. Hata inzi hakutua. Jumatano nikarudi mjini nimenuna, nikamweleza yote mama mwenye nyumba ninayopanga. Uani kwake kuna mkunazi ambao majani yake huchukuliwa mtaa mzima kuoshea maiti, na ukikata hata kijiti bila bismillahi atakufukuza na virago vyako. Mambo ya miti huyu huwezi kumwambia ni upuuzi.

"We mtoto, huyo Mchaga si anakaa mtaa wa nyuma?" akasema. "Mkewe alinihadithia. Kwao ukimkosea mtu, unampelekea jani la isale umelifunga fundo. Hata kama umemuulia ng'ombe wake, akiliona hilo jani hakatai. Akikataa, balaa ni lake."

"Nitalipata wapi isale Tabora hii?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama kuku anayetafuta mlango ulio wazi. "Ua wake wote ni masale. Alikuja nayo kutoka kwao."

Basi. Kesho yake asubuhi peupe, mkewe akiwa sokoni, nikapenyeza mkono uani kwa Bwana Ramani nikachuma jani moja refu. Wala sikuona aibu. Ningeng'oa ua mzima kwa ajili ya bibi yangu.

Alhamisi alasiri nilimkuta kijijini anagonga vigingi. Bibi alisimama pembeni. Nikapiga goti, nikanyoosha jani lenye fundo kwa mikono miwili. Nyundo ikabaki hewani.

"Umelitoa wapi hili?"

Nikanyamaza. Mimi kunyamaza! Akajua palepale.

"Umeniibia isale langu uje kuniombea msamaha mimi mwenyewe?"

"Ningeleta la mtu mwingine, ungesema halikuhusu."

Alicheka akaishia kukaa juu ya kigingi chake, akaruka. Kisha akalipokea, polepole, na uso ukabadilika. "Inuka. Baba yangu angenilaani nikilikataa, hata likiwa la wizi. Nimekusamehe."

"Na mti?"

"Wewe umeniomba msamaha, nimekupa. Mti ni kazi."

Hasira ilipanda kama maziwa jikoni. Neno lilikuwa tayari ulimini, tena zuri kuliko lile la mchwa. Nikamwona bibi ananitazama, mkono kifuani. Nikalimeza. Liliniwasha mpaka usiku.

Ijumaa mchana tukasikia mvumo. Nyuki walikuja kama moshi mweusi, wakauzunguka muyombo, wakaingia kwenye mzinga wa babu kana kwamba wamealikwa. Bibi alikuwa analia na kucheka, anawataja wafu wake wote kwa majina.

Jumamosi wanaume wakaja na mashoka. Wakatazama juu. Mmoja akaweka shoka chini, wa pili akaketi juu ya lake, wa tatu akasema tumbo linamsokota. Mwenyekiti alipowahimiza wakamwambia, "Anza wewe." Mwenyekiti naye ni mrina asali. Hakuanza.

Bwana Ramani akautazama mti kwa muda, akautazama mkono wake kama bado umeshika lile jani. Akang'oa kigingi. "Shika kamba upande ule," akaniambia. "Hatua kumi. Na Jumapili utakuja kupalilia masale yangu." Nimepalilia mpaka leo.

Bibi anasema ni ule msamaha ndio uliowaita nyuki. Mimi simbishii. Ila siku ile ya kutundika, kabla sijamwomba mtu yeyote radhi, niliupaka mzinga nta na mchaichai ndani kote, kama nilivyoona warina wakifanya kuwavuta nyuki. Bibi hajui kusoma. Haya yote nitamsomea mimi, na nikifika hapa nitaparuka.