Mate ya Ndimu

Chai, mahamri, kidonge, halafu sare ya skuli. Hizo ndizo asubuhi zetu. Binti yangu wa miaka tisa ana akili isiyotulia mahali pamoja. Daktari aliipa hali hiyo jina refu. Majirani zetu wa Ndia Kuu wakaipa fupi, utukutu. Kidonge kilimtuliza, akaweza kumaliza hesabu bila kutoka darasani, lakini kilimkata hamu ya kula na kumkausha kinywa. Kila nikimwogesha naziona mbavu zake. Nimechoka, wallahi, uchovu wa mtu aliyesimamia maziwa jikoni mwaka mzima yasifurike.

Daktari wake, kule Kizingo, akataka kupima mate. Alinieleza kuwa mwilini kuna homoni ya msongo, ambayo hupanda mtu akibanwa na jambo, na dawa hizi pia zaweza kuipandisha. Mtoto ateme mate kichupani akiamka tu, kabla hajatia kitu kinywani. Siku hiyo nilikuwa na zamu ya alfajiri bandarini, kazi nikamwachia mama mkwe.

Majibu yakaja: homoni iko juu sana. Daktari akasimamisha dawa mpaka tupime tena. Mimi nikaogopa, maana mwalimu mkuu alishaniambia waziwazi kwamba mtoto asipotulia nimtafutie skuli nyingine. Lakini binti yangu aliruka kutoka kitini.

"Kwa hivyo si mimi, mama? Ni homoni?"

"Ni homoni," nikamjibu. Nilitaka tu tufike nyumbani.

Basi! Akimwaga maji, homoni. Akiparamia dirisha la jirani, homoni. Skuli niliitwa hata bawabu akawa ananicheka nikitokea langoni. Ila jambo moja lilinishangaza. Zamani akiitwa mtukutu alikuwa akijifungia chooni akalia. Sasa alikuwa akimjibu mwalimu kwa adabu kabisa kwamba yeye anaumwa.

Jioni ya kuamkia kipimo cha pili, nikamkuta mama mkwe ameweka ndimu na kisu kando ya kichupa.

"Ya nini hiyo, mama?"

"Ya kesho. Siku ile mwana mate yalimkauka, hata tone. Nalimpa ndimu na chumvi alambe, yakaja tele. Kwani vibaya?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kicheko kisicho na raha yoyote. Nilipompigia daktari, akashusha pumzi. Ukali wa ndimu huharibu kipimo, akasema. Majibu yale hayafai kitu. Tuanze dawa tena, kisha tupime upya, bila ndimu. Mama mkwe sikumgombeza. Ningeanzia wapi? Ndimu na chumvi ndiyo aliyonilambisha mimi nilipokuwa na mimba ya mtoto huyu, nikitapika kutwa.

Safari hii majibu yalikuwa safi. Homoni ya kawaida, dawa iendelee, na skuli wameshakubali abaki. Nilitoka kwa daktari nasema alhamdulillahi, miguu myepesi kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Binti yangu alikuwa akijikokota nyuma.

"Mama, ile homoni imeondoka?"

"Ipo, mwanangu, lakini ni kiasi cha watu wote. Huna tatizo."

Akasimama katikati ya njia.

"Kumbe ni mimi tu," akasema.

Nikachuchumaa vumbini na buibui langu, nikamkumbatia, nikawa nasema si wewe, si wewe, naye anatikisa kichwa begani mwangu. Tukakaa hivyo mpaka gari likatupigia honi tulipishe.