Mpira wa Difu Nyuma ya Bibi Harusi

Niacheni nijitukane mwenyewe, maana Iringa nzima imeshamaliza zamu yake.

Gari la marehemu baba ni la zamani kuliko mimi. Difu yake, lile bonge la gia la magurudumu ya nyuma, hupumua kwa kitundu kilicho juu ya ekseli ya nyuma, na vumbi huingilia hapohapo. Fundi Sanga wa Mlandege akanishauri: "Chomeka mpira wa bomba kwenye hicho kitundu, upandishe mpaka kwenye chesisi, mwishoni weka chujio. Na oili usizidishe, ikipata moto itapanda na mpira."

Nikamcheka. Fundi anayekula ugali juu ya tairi anifundishe mimi, niliyetazama video tatu? Mpira nikauingiza ndani kabisa, juu nyuma ya kiti cha abiria, kusiko na vumbi. Badala ya chujio nikakata kipande cha godoro. Oili nikajaza mpaka ikamwagika, kwa ujuaji tu.

Jumamosi nikampakia binti wa dada yangu, na gauni lake jeupe, kumpeleka kufunga ndoa Kalenga.

"Mjomba, mbona kunanuka gereji?"

"Hiyo ni harufu ya gari lenye heshima, mwanangu."

Kanisani nikamshika mkono, nikaingia kwa mikogo. Mbele yetu vigelegele, nyuma yetu vicheko. Nikadhani wameipenda suti yangu, nikageuka kuwapungia. Ndipo nikaliona gauni: oili nyeusi, kutoka mabegani mpaka kwenye pindo.

Fundi Sanga, aliyekaa benchi la karibu, wala hakucheka. Aliniinamia, akanong'ona:

"Mkubwa, ule mpira uliishia wapi?"